NVDA kwa mwanafunzi asiyeona chuoni: programu iko vizuri, ugomvi uko kwenye madesa (notsi za darasani)

Wadau mnaoingia chuo mwaka huu na hamuoni, au mnaona kidogo sana kiasi kwamba skrini haisomeki hata ukiigusa na pua, hii nimeandika kwa ajili yenu, na CR wenu, yani kiongozi wa darasa, nae akipita hapa asome tu maana nusu ya haya mambo yanamhusu yeye. Nimemaliza digrii yangu kwa kutumia NVDA kuanzia kazi ya kwanza ya kikundi mpaka ripoti ya utafiti, laptopu ya mtumba, bando la kuungaunga, na sijailipia hii programu hata shilingi. Nyota naipa nne na nusu kati ya tano. Ntaisifia sana, ila kuna mahali ntalalamika, na malalamiko yenyewe mengi wala hayaendi kwa NVDA.

Kwa asiyejua, NVDA ni kisoma skrini. Unaiwasha kwenye Windows na kila unapopita na kibodi inakutamkia kilichopo, herufi, neno, sentensi, jina la kitufe, menyu, saa, kila kitu, mausi unasahau kama ipo. Waliianzisha Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, wanafahamiana toka utotoni walipokutana kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Curran ndo aliyeanza kuiandika mwaka 2006, hoja yao ni kwamba haiingii akilini mtu asiyeona anunue kompyuta kwa bei ile ile ya wenzake halafu atoe tena hela nyingine, wakati mwingine kuliko ya kompyuta yenyewe, ili tu aweze kuitumia. Mwaka 2007 wakafungua taasisi yao inaitwa NV Access na mpaka leo inatolewa bure, msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuuangalia na kuurekebisha. Ukienda kuishusha utaombwa mchango, unaweza kuchangia au ukapita tu, hakuna atakayekununia.

Wengi wetu tulianza na JAWS, kisoma skrini cha kulipia, huko sekondari, au tulisikia habari zake tu. Siisemi vibaya JAWS, ni programu kubwa ya siku nyingi, ilitoka 1989 enzi za DOS, mwanzilishi wake Ted Henter nae alipoteza macho kwenye ajali ya gari. Tatizo ni bei bana. Leseni ya kudumu inacheza kwenye dola elfu moja huko, yani hata ukikusanya boom (hela ya kujikimu ya mkopo) la semesta nzima usile usilale bado hujafika. Ndo maana kwenye maabara nyingi unakuta JAWS ipo ila haina leseni, na JAWS isiyo na leseni inaongea dakika 40 halafu basi, inabidi uzime kompyuta uiwashe upya ndo ikupe 40 nyingine. Walioishi hayo maisha wanajua, unajifunza kuandika insha kwa vipande vya dakika 40, unaseivu kila baada ya sentensi mbili, unaomba Mungu isikate sauti ukiwa katikati ya kuambatanisha faili na dedilaini ni saa sita usiku. Wengine wanatafuta zilizokrakiwa na hizo zinakuja na virusi vyake. NVDA haina hizo habari. Ukimkuta mtu anakuuzia NVDA pale stationari, hata kwa elfu mbili, huyo anakuibia.

Kuiweka ni rahisi. Faili halifiki hata MB 100, unalibonyeza linaanza kuongea hapo hapo kabla hujamaliza kusakinisha, kwahiyo humhitaji mtu anayeona akushike mkono. Kuiwasha siku nyingine ni Control na Alt na N. Halafu ina kitufe chake maalumu ambacho amri nyingi zinaanzia hapo, kinaitwa kitufe cha NVDA, ni Insert au ukichagua inakuwa Caps Lock, mimi nawashauri Caps Lock maana laptopu nyingi za mtumba Insert yake imefichwa sehemu ya ajabu.

Kitu kilichoniokoa sana ni kopi ya flashi. Unafungua menyu yake kwa kitufe cha NVDA na N, unaenda Tools, unachagua Create portable copy, inajikopi yote kwenye flashi. Ukifika kwenye kompyuta yoyote, ya rafiki, ya maktaba, ya stationari, unachomeka, unaiwasha kutoka humo, unafanya kazi yako, unachomoa unaondoka na mwenye kompyuta hajui kama ulipita. Kwa mwanafunzi ambaye laptopu yake ikifa leo hana nyingine kesho, hii ni kubwa kuliko mnavyofikiria. Ila msije mkashangaa, kuna wasimamizi wa maabara wakisikia flashi wanaruka, wanasema virusi, na ukimuelezea kwamba bila hiyo flashi kompyuta zake zote hamsini kwako ni mapambo tu anakujibu uende ofisini ukaandike barua. Kingine, kompyuta za maabara zetu ni za kizamani na bado utazikuta zina Windows 7, na NVDA kuanzia toleo la 2024.1 ilishaacha kuikubali Windows 7. Kwahiyo kwenye flashi beba mbili, toleo jipya na lile la 2023.3 ambalo ndo la mwisho kukubali mashine za zamani. Hili sikuambiwa na mtu na nyie nawaambia.

Sasa sauti. Hapa ndo watu wengi wanaikimbia siku ya kwanza. Sauti inayokuja nayo inaitwa eSpeak NG na ina lugha zaidi ya mia moja na Kiswahili kimo, hilo tushukuru kwanza, maana programu nyingi za hela nyingi Kiswahili hawakijui kabisa. Ila ni sauti ya roboti, kavu, haina pumzi, haijui kushangaa wala kuuliza. Ukiwa mgeni utaona kama unasomewa na redio yenye betri mbovu. Vumilia wiki kadhaa. Sababu ya watu wa siku nyingi kuipenda ni kwamba ukiiongezea spidi haichanganyi maneno, sauti nzuri nzuri za kibinadamu ukizikimbiza zinakuwa uji, hii inabaki inasikika, na kuna kitu kinaitwa rate boost ukiwasha hapo inakuwa kama mnada wa ng'ombe na wewe uliyezoea unaelewa kila neno. Mwenzangu wa chumbani alikuwa anadhani laptopu imeharibika. Ndo uzuri wake pia, unaweza kusoma meseji zako bila hedifoni na hakuna anayeambulia kitu.

Penye kero hasa ni kuchanganya lugha, na chuo kwetu ni kuchanganya lugha toka asubuhi mpaka jioni, madesa ya Kiingereza, matangazo ya Kiswahili, meseji za group nusu kwa nusu. Ukiweka sauti ya Kiingereza ikakutana na "tafadhali wahini chakula" inasoma kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege leo. Ukiweka ya Kiswahili ikakutana na "university examination" inatamka kila irabu kwa ukamilifu wake, u-ni-ve-rsi-ty, unacheka hata kama una njaa. NVDA ina uwezo wa kubadili lugha yenyewe ila mpaka aliyeandika waraka awe ametaja kwenye Word kwamba kipande hiki ni Kiswahili na hiki ni Kiingereza, na sijaona anayefanya hivyo. Suluhisho langu ni kuweka profaili mbili, yani seti mbili za mipangilio, na kurukaruka kwa vitufe. Na nikiwa na bando na nataka kusikiliza kitu kirefu cha Kiswahili kwa raha nafungua kwenye kivinjari cha Edge, nabonyeza Control, Shift na U, pale kuna sauti za Kiswahili cha Tanzania zinaitwa Daudi na Rehema na za Kenya Rafiki na Zuri, hizo zinasoma mpaka unasahau ni mashine. Ila zinataka intaneti, na hazikusaidii kuzunguka kwenye kompyuta, ni za kusomewa tu.

Kuzunguka kwenye kurasa ndo NVDA inakopendeza. Ukiwa kwenye ukurasa wa wavuti, H inakurusha kichwa cha habari hadi kingine, K kwenye viungo, B vitufe, F sehemu za kujaza, T majedwali. Ukibonyeza kitufe cha NVDA na F7 inakuletea orodha ya vichwa vyote na viungo vyote, unachagua unatua. Anayeona anatupa jicho mara moja anajua ukurasa umekaaje, sisi jicho letu ni hiyo orodha. Kwenye Word pia inafanya, unawasha kwa kitufe cha NVDA na kile kirefu cha nafasi (spacebar), halafu H na wenzake zinafanya kazi.

Na hapa nitakaa kidogo maana ndo pointi yenyewe. Mwalimu anaandika kozi autilaini ya kurasa 20. Kichwa cha habari anakibold, anakiongeza ukubwa mpaka 16, anakipigia mstari chini. Kwa macho ni kichwa cha habari safi kabisa. Kwangu si kitu, ni aya kama aya nyingine, nikibonyeza H naambiwa hakuna kichwa kinachofuata, basi natembea kurasa 20 kwa mshale wa chini nikitafuta wiki ya saba tunasoma nini. Angebonyeza Heading 1 pale juu, sekunde moja, mimi natua kwenye wiki ya saba kwa kugusa kibodi mara saba. Haimgharimu chochote, tena na yeye angepata jedwali la yaliyomo bila kuliandika kwa mkono. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa takwimu, mtu mzima, hana maneno mengi, aliniita mwanzoni mwa semesta akaniambia kijana wangu niambie unasomaje hizi kazi zangu, nikamuwekea NVDA isome desa lake mbele yake. Alisikiliza mpaka ilipofika kwenye jedwali aliloliweka kama picha, programu ikasema "graphic" ikapita. Akauliza, ndo basi? Nikamwambia ndo basi mwalimu. Kuanzia hapo alikuwa ananitumia faili la Word usiku kabla ya kipindi, vichwa vimewekwa, majedwali ya kweli, na michoro ameielezea kwa sentensi mbili tatu chini yake, na wenzangu wanaoona wakawa wananiomba hilo hilo faili langu kwa sababu lilikuwa linaeleweka kuliko slaidi. Hakuhudhuria semina yoyote ya ujumuishi yule mzee, aliuliza tu.

Wengine sasa. PDF ya picha. Hii ni ile mtu anachukua kitabu cha 1987, anakipiga skani kikiwa kimepinda, anatuma kwenye group. NVDA ikifungua inasema waraka mtupu, na kweli kwake ni mtupu, hamna herufi mle, kuna picha za herufi. Dawa ipo, kitufe cha NVDA na R, inatumia usomaji wa picha uliomo ndani ya Windows 10 na kuendelea, inajaribu kutambua maandishi. Kwa ukurasa uliopigwa vizuri inasoma fresh, hata Kiswahili inakisoma ukiwa umeweka utambuzi wa Kiingereza maana herufi zetu ni zile zile hazina vikofia. Lakini inasoma kilichopo kwenye skrini kwa wakati huo, unasoma, unashusha, unabonyeza tena, unasoma, unashusha, sura ya kurasa 40 inakula usiku mzima. Ikiwa ni picha ya ubao aliyopiga CR toka kiti cha nyuma, na mwandiko wa mkono, na kichwa cha mtu kimeingia katikati, hapo hakuna programu duniani itakayokusaidia, labda umuonyeshe picha hiyo msaidizi wa Be My Eyes, ile apu ya simu inayokuunganisha na mtu wa kujitolea anayeona, na siku hizi ina AI ya kuelezea picha. Inasaidia kweli ila nayo inataka bando, na AI wakati mwingine inasoma kisichokuwepo kwa kujiamini kabisa, kwahiyo kwenye namba msiiamini peke yake.

CR, kama umefika hapa: ukipata desa lenye maandishi tuma faili lenyewe, usipige skrinshoti. Ratiba ya mtihani iandike meseji, usipige picha karatasi ya ubaoni. Ni hivyo tu.

Sasa mifumo ya chuo, ile ya kujisajilia kozi na kuangalia matokeo. Chuo sikitaji na sidhani ni kimoja. Unaingia, unabonyeza B utafute kitufe cha kuthibitisha, NVDA inasema "button", unabonyeza tena, "button", tena, "button", kumi na kitu mfululizo, kila kimoja ni kitufe na hakuna kinachojitambulisha. Kwa macho vina vialama, kuna pipa la taka, kuna tiki, kuna kalamu. Kwa sikio vyote mapacha. Ukikosea umefuta kozi. Na kabla ya kufika huko kuna ile picha ya herufi zilizopindapinda eti thibitisha wewe si roboti, haina chaguo la sauti, kwahiyo mfumo umeamua mimi ni roboti na kesi imeisha. Matokeo yake unampa mtu pasiwedi yako. Kila semesta kuna mtu anakaa anaangalia matokeo yangu kabla yangu, anayajua ya sapu (mitihani ya marudio) kabla yangu, anajua namba ya akaunti ninayopokelea boom, na ni rafiki na namuamini, lakini kwanini? Aliyetengeneza mfumo angeongeza neno moja moja nyuma ya kila kitufe, "futa", "thibitisha", "hariri", halionekani kwa anayeona, halibadilishi rangi wala muonekano, NVDA ingelisoma. Ni kazi ya mchana mmoja.

Na si kwamba hakuna sheria. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ibara ya 24 ya mkataba huo inataja mpaka elimu ya juu kabisa, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Vyuo navyo vina sera zao, nzuri tu, zimechapwa kwa karatasi ya kung'aa. Sera yenyewe ya chuo chetu niliipata kwa PDF. Ya picha.

Hapo hapo niseme na hili maana linanichekesha mpaka leo. Kila tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, na campus inachangamka, tisheti, bango, kiongozi mgeni rasmi, tunapangwa mbele tupigwe picha. Mwaliko unatumwa kwenye group kama posta, picha moja yenye rangi zote, saa, ukumbi, mada, vyote ndani ya picha. Sisi wahusika wa sherehe tunaulizana faragha, jamani ni saa ngapi na wapi? Na chumba chetu cha vifaa, chenye kompyuta na mashine ya nukta nundu, kimewekwa ghorofa ya pili kwenye jengo ambalo lifti yake ilishakufa kabla hatujadahiliwa, kuna mwenzetu wa kiti cha magurudumu alikuwa anabebwa na wana kwenda kuprinti kazi yake. Alikuwa anasema kwa utani kwamba yeye ndo mwanafunzi pekee anayeenda maabara kwa machela.

Turudi kwenye programu. Mitihani: kama chuo chako kinakubali ufanye UE, yani mtihani wa mwisho wa semesta, kwa kompyuta, omba mapema, tena kwa maandishi, msisubiri wiki ya mtihani. NVDA kwa mtihani ni nzuri kuliko kusomewa na mtu, kwa sababu swali unalirudia mara unazotaka bila kuona aibu, na jibu unalihariri mwenyewe, wakati ukimtamkia mtu akuandikie ukisema "futa aya ile ya pili" anakutolea macho, na tahajia za kwake zinakuwa zako. Wasiwasi wa wasimamizi ni kwamba laptopu yako ina majibu, na hapo ndo ile kopi ya flashi inamaliza ubishi, wao walete kompyuta safi na wewe unachomeka NVDA. Muda wa ziada bado unauhitaji, kusikiliza swali refu si sawa na kulitupia jicho. Na mkazanie chumba cha peke yenu, si kwa kujidai, ni kwamba ukiwa na hedifoni mbili masikioni husikii tangazo la marekebisho ya swali la nne linalotolewa kwa mdomo.

Uandishi wa ripoti ilinisaidia kwa kitu ambacho hata wanaoona wanakiomba, kitufe cha NVDA na F. Kinakuambia hapa ulipo fonti ni ipi, ukubwa gani, imekolezwa au la. Idara ikitaka Times New Roman 12 mwanzo mwisho mimi napita nakagua mwenyewe, nakuta pale nilipokopi nukuu imeingia Calibri 11, narekebisha, msimamizi anabaki kushangaa nimejuaje.

Kwa wa sayansi na takwimu, nisiwadanganye, hapa pana kazi. Fomula ikiwa picha haisomeki, imekwisha. Ikiwa imeandikwa kwa MathML, ile lugha ya kuandikia hesabu, kama inavyokuwa kwenye baadhi ya kurasa za wavuti, kuna programu ndogo inaitwa MathCAT, ya Neil Soiffer, ukiwa nayo inakusomea mlinganyo kipande kwa kipande, unaingia ndani ya sehemu unatoka, juu ya mstari, chini ya mstari. Excel inakwenda vizuri tu, inakutajia seli na thamani yake. Kwenye uchambuzi wa data mimi ningewashauri mkimbilie R, ile programu ya takwimu, amri zake ni maandishi na majibu yake ni maandishi, NVDA inasoma bila ubishi, na kuna kifurushi kinaitwa BrailleR alichotengeneza Jonathan Godfrey wa Massey University kule New Zealand, mtaalamu wa takwimu na haoni, kinachukua grafu uliyochora kinakuelezea kwa maneno, mihimili ni ipi, nguzo ngapi, kila nguzo ina urefu gani. Siku ya kwanza kusikia histogramu yangu ikielezwa niliita watu. Kabla ya hapo nilikuwa nachora grafu halafu nauliza "imekaaje" na kila mtu ana jibu lake.

Mapungufu ya NVDA yenyewe niyataje, isionekane nimelipwa. Mwongozo wake mzuri upo ila wa Kiswahili sijauona, na ni mrefu, mtu aliyetoka shule ambako hakuwahi kugusa kompyuta, na ndo wengi wetu, atahitaji mwenzake wa kumuanzishia, vitufe ni vingi na wiki ya kwanza unachanganyikiwa. PDF kubwa za kurasa mia tano inazifungua kwa kusuasua, kwenye laptopu ya RAM ndogo unaweza kwenda kunywa chai kwanza. Sauti ya Kiswahili nimeshaisema. Kwa wenzetu wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu, si lazima waikimbilie, wengi inawatosha kikuzaji cha Windows chenyewe, bonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha skrini inakua, na wengine wanachanganya vyote viwili macho yakichoka. Kwa viziwi haina msaada, wao vita yao ni wakalimani wa lugha ya alama darasani na hiyo inataka andiko lake na mtu wake.

Kilichoongezeka karibuni na nimekipenda ni kwamba kuanzia toleo la 2025.1 kuna Remote Access ndani yake, unaweza kuingia kwenye kompyuta ya mwenzako aliye mbali ukamsaidia huku mnasikia wote, zamani ilikuwa nyongeza ya kuweka kando. Tumeanza kuitumia kufundishana, mtu yuko Tabora kwao likizo, mimi niko Dar, namuonyesha jinsi ya kuweka vichwa vya habari kwenye ripoti yake na anasikia kila ninachobonyeza. Kama kuna fasti yia anahitaji kuanzishwa hivyo aulizie kwa wanafunzi wenzake wenye ulemavu pale chuoni kwake, kwenye kila chuo kikubwa wapo na huwa wana group lao, hawatakunyima muda.

Wenye MacBook hii haiwahusu, NVDA ni ya Windows peke yake, nyie mna VoiceOver ilishawekwa humo humo, bonyezeni Command na F5 itaanza kuongea.